Waya wa Ndege ya Shemeji

Nisikilize taratibu, kwa sababu kama hujawahi kuona ndege ya nyaya hutajua kosa langu liko wapi. Ni ndege ndogo wanayochezea watu wazima, na haiongozwi kwa redio. Unasimama katikati ya uwanja umeshika kishikio cha mbao, na kutoka hapo nyaya mbili nyembamba za chuma zinakwenda mpaka kwenye bawa. Ndege inakuzunguka. Ukiinua kiganja, waya mmoja unavuta, kibao cha mkia kinainuka na ndege inapanda, ukikiinamisha, inashuka. Inakwenda kwa mota ya betri. Mkono ukizoea, unaifanya ipige duara juu ya kichwa chako na kurudi chini salama.

Ile yetu aliitengeneza shemeji yangu, mume wa dada, fundi seremala wa Masasi. Mota na betri tuliagiza Dar es Salaam, mbao akatafuta mwenyewe. Alichagua msufi, mti ambao mafundi wenzake wanaudharau kwa ulaini wake, akaupiga randa mpaka ukikiweka kipande juani unaona mwanga upande wa pili. Ncha za nyaya alizifunga yeye pia: alikunja waya, akauzungushia uzi mwembamba wa shaba, akabana kifundo. Aliyekuja karakana kuagiza kitanda alionyeshwa ndege kwanza.

Tatizo, ilikuwa nzito. Kwenye duara ilijikokota.

"Shemeji, ndege yako imeshiba ugali," nilimwambia.

"Mwalimu wa fizikia ni nani hapa? Iponye, maana kusema tu hata dada yako anaweza."

"Mbona mnaniingiza kwenye ndege zenu?" dada akajibu kutoka uani.

Nikaenda nayo Newala ninakofundisha. Kazi yenyewe si ngumu, hata wewe unaiweza. Betri ilikuwa imesukumwa mbele mno, nikairudisha nyuma upana wa vidole viwili, nikaipima kwa kuliweka bawa lake juu ya ncha za vidole mpaka pua ikainama kidogo tu. Kijiti kinachosukuma kibao cha mkia nilikihamishia tundu la karibu zaidi na bawaba, ili mkono ukisogea kidogo mkia usogee zaidi. Mwisho nikaweka panga, yaani propela, kubwa zaidi kwenye mota. Nilifanya kila badiliko peke yake, nikajaribu, nikaandika. Nilifurahi kama niliyepata mwanafunzi mtiifu.

Majaribio hayo niliyafanya kwa nyaya fupi za kuazima. Nyaya zetu ndefu zilikuwa stoo, na stoo yangu ndiyo inayotunza vitu vya shamba letu la mikorosho kule Chilangala. Nilikuwa nimeziviringisha vizuri na kuziweka juu ya magunia ya salfa yaliyobaki baada ya kupuliza mikorosho. Paa la stoo linavuja kidogo, na ukungu wa Newala unaujua: unaingia ndani bila kubisha hodi. Salfa ikikaa na unyevu, chuma kinaliwa. Somo hilo nalifundisha kila mwaka, ubaoni, kwa mkono huuhuu.

Siku ya kwenda Masasi nilizichukua nikaona madoa meusi. Nikafuta kwa suruali. Nikasema, haidhuru.

Uwanjani shemeji aliishika ndege, nikamwashiria, akaiachia. Ilipaa kama kitu kingine kabisa. Nilisikia mkono ukivutwa mpaka begani, na nilijua sababu: kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto kwenye waya unakuwa mara nne. Shemeji akapiga kelele, "Imepona! Mwalimu, imepona!" Nikaivuta ipige duara. Juu kabisa waya mmoja ukakatika, ndege ikageuza pua na kujikita ardhini mbele yetu. Bawa moja likawa vijiti.

Nilifika kwenye waya kabla ya shemeji. Ulikatika karibu kabisa na kifundo chake, na pale palipokatika palikuwa peusi. Niliukunja, nikautia mfukoni.

"Ni kifundo changu," alisema. Aliitazama mikono yake. "Siku hizi inatetemeka asubuhi. Sikutaka kumwambia dada yako."

Mdomo wangu ulikuwa wazi na jibu lilikuwa mfukoni. Nikasema, "Pole, shemeji. Mambo hayo hutokea."

Dada ndiye aliyenipigia simu wiki ya tatu. Mumewe alikuwa anakataa kazi. Akiombwa milango alitaja macho, akiombwa vitanda alitaja mikono. Nilipanda gari asubuhi ya Jumamosi. Nilipofika karakana alikuwa anamsindikiza mama mmoja wa Mkomaindo aliyetaka kabati. "Mama, mtafute fundi mwingine," alikuwa anamwambia. "Mkono wangu siku hizi si wa kuaminika."

"Shikamoo, shemeji," nilisema, na kabla hajaitikia nikauweka waya juu ya meza ya randa. Nikamweleza yote: magunia, madoa, suruali yangu. Kifundo chake kilikuwa bado kizima, uzi wa shaba haujasogea hata kidogo.

Aliuchukua waya, akaukunja kidogo. Ukakatika kama njiti ya ufagio. Akakunja tena pembeni, ukakatika tena.

"Wiki tatu umelala na huu mfukoni?"

"Nililala vibaya."

"Mimi nililala vibaya zaidi," alisema, na hakunitania. Akaviweka vipande mezani, akasema, "Mkimbilie yule mama."

Nilimkuta mbele ya karakana nyingine. Alikuwa ameshakubaliana na fundi wa pale. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, mikono ya shemeji haina tatizo. Alisikiliza kwa upole, akasema kabati limeshapata mwenyewe.

Shemeji ameshaanza bawa jipya. Jumamosi zangu nampigia msasa, naye anaongea nami kwa kipimo.

Nawe ukiwa na ndege ya namna hii, kabla ya kuirusha pitisha kitambaa cheupe kwenye nyaya zote mbili, toka kwenye kishikio mpaka kwenye bawa. Kikitoka na doa lolote la kutu au weusi, tupa nyaya zote mbili na ufunge mpya.