Senje na Piano ya Ukumbi wa Kanisa

Mwezi uliopita nilirudi Kakamega kumzika mzee mmoja ambaye, nikueleze ukweli, sikuwa na machozi yake. Nilipokuwa mtoto alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kanisa letu, kule upande wa Shirere. Nilikaa chini ya hema nikisikiliza mshereheshaji akisoma maisha ya marehemu, mpaka akafika mahali pa kusema kwamba mzee "alipenda muziki, akaitunza piano yetu kama mboni ya jicho lake." Rafiki yangu, damu ilinichemka.

Nianze na sinema, maana yote yalianzia huko. Kila likizo ya Agosti mtu wa sinema alikuja na projekta na jenereta yake, Jumamosi mchana. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa, kwa hiyo kila nyumba ilileta blanketi la kuzibia mwanga. Giza lile lilinuka moshi wa kuni wa kijiji kizima. Tulikaa sakafuni tukitafuna miwa, na nyanya alikuja na mahindi ya kuchemsha yangali moto ndani ya leso.

Filamu aliyotuletea mara nyingi ilikuwa kuukuu hata wakati huo, nyeusi na nyeupe, imekatika na kuungwa mara nyingi. Ilikuwa ya mapenzi. Ndani yake alikuwamo mpiga piano wa kweli, mtu aliyejulikana dunia nzima, ambaye hakuigiza mtu mwingine; alitokea kama yeye mwenyewe, na mvi zake na koti lake refu. Msichana mfagiaji wa hoteli anapendwa na kijana mpiga fidla, lakini anamkwepa kwa sababu anaona yeye ni mtu wa ufagio tu. Wageni wakitoka, anapiga piano ya hoteli kwa siri. Siku moja yule bwana mashuhuri anashuka ngazi, anamkuta. Hamfukuzi. Anaketi kando yake na wanapiga pamoja. Mwalimu wetu alisimama kando ya shuka jeupe la kuonyeshea sinema akitafsiri, mengine akiyatunga, na walipotaka kubusiana aliikimbilia projekta akaziba taa yake kwa kofia. Ukumbi wote ulizomea.

Hakuna aliyeitazama filamu ile kama jirani yetu, mjane aliyeajiriwa kufagia ukumbi. Sisi watoto tulimwita senje, yaani shangazi, ingawa hakuwa wa damu yetu. Pembeni mwa ukumbi palikuwa na piano iliyoachwa na wamisionari, na tangu waondoke hakuna aliyejua kuipiga. Mimi nilimpelekea senje maji ya kupigia deki nikitoka shule. Akimaliza sakafu alipangusa vumbi la piano, kisha akabonyeza mahali pamoja, akasikiliza, akabonyeza pengine.

"Hapa ndipo yule mzee wa sinema alishukanga na mkono wa kushoto," aliniambia. "Hebu sikia."

Kufikia likizo iliyofuata alikuwa ameupata wimbo wote wa sinema, kwa mikono miwili. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameusikia mara tatu au nne tu, kwenye spika inayokwaruza, na jenereta ikinguruma nje. Nimekaa Nairobi, nimesikia watu waliosomea kazi hiyo, na bado nasema senje alikuwa na kitu ambacho hakisomewi.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kando yake kwenye benchi, kitambaa mkononi, mwenyekiti akaingia.

"Nani amekuambia uguse hii kitu?"

"Hakuna, mzee. Mimi napangusanga tu, halafu najaribu kidogo."

"Mikono ya kuosha choo ndiyo unaleta kwa mali ya kanisa?"

Kabla senje hajaiondoa mikono, mwenyekiti alikibamiza kifuniko. Nilisikia mbao, kisha nikasikia mlio mwingine ambao sitakueleza. Senje hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, vidole vyangu," mara mbili, kwa heshima, kana kwamba anamjulisha jambo ambalo hakuwa ameliona. Mzee alikuwa ameliona.

Nyanya alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, na Jumapili akamsimamisha mwenyekiti nje ya kanisa, mbele ya watu. "Ungemfungia mke wako vidole hivyo?" alimuuliza. Mwenyekiti akapita kando, akaenda zake. Lakini kamati ilipokaa, ilimfukuza senje kazi kwa kuharibu mali ya kanisa! Piano ikatiwa kufuli, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mwenyekiti. Mimi niliyeona kila kitu sikuulizwa hata neno moja.

Vidole viwili vya senje havikukunjika tena. Alihamia kwa kaka yake Butere, akapalilia miwa ya watu kwa jembe aliloshika kwa shida, na akafa kabla sijamaliza shule. Piano nayo ilivujiwa na paa, ikaliwa na mchwa. Vijana walipokuja kuvunja kufuli, wakiitaka kwa arusi, walikuta nyaya na unga wa mbao. Huko ndiko kutunza kwenyewe.

Kwa hiyo mshereheshaji alipouliza kama kuna mwenye neno la mwisho, niliinua mkono. Nilisema, "Piano hiyo ilikuwa na mtu wa kuipiga. Marehemu alimvunja vidole, na mimi nilikuwepo." Mshereheshaji akanipokonya maikrofoni taratibu, "Asante mama, saa imeenda," na kwaya ikaambiwa isimame iimbe. Mwanamke niliyesoma naye darasa moja akaninong'oneza kwa ukali, "Dada, marehemu hasemwi vibaya. Umesahau?"

Sijasahau. Ukumbi wenyewe haupo tena. Pamejengwa vyumba vya kukodisha wanafunzi. Mtu wa sinema haji, na hakuna nyumba inayoombwa blanketi. Ninavikumbuka vyote hivyo kwa uchungu mtamu, kama wewe unavyokumbuka vya kwenu. Lakini siwezi kuvikumbuka kwa amani. Marehemu hasemwi vibaya, nakubali. Senje naye ni marehemu, na miaka yote hii sijasikia mtu hata mmoja akimsema vizuri.