Mamba Ndani ya Uzio

Kwetu kijijini Hewani hatuchoti maji mtoni hivi hivi. Wanaume hupigilia miti kwenye matope, nusu duara kutoka ukingoni, na ndani ya uzio huo sisi wanawake huchota, hufua na kusengenyana. Mamba hubaki nje na njaa yake.

Mafuriko yalipokuja, mto ulipanda ukaufunika uzio wote. Uliposhuka, tulikuta miti imesimama vile vile, tukashangilia kama wajinga. Hakuna aliyefikiri kwamba maji yaliyopita juu ya uzio yaliweza kuleta mgeni, na kwamba yakishuka, mgeni angebaki ndani pamoja nasi.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyetangulia kuingia kuchota. Mtoto wake mchanga alikuwa amemwacha nyumbani.

"Harakisha wewe, unatembea kama bibi harusi," alinitania.

Akainama, akazamisha mtungi. Mamba aliibuka kwenye yale maji ya tope, akamdaka mkono wa kulia juu ya kiwiko, akarudi nyuma naye.

Nilimkumbatia kiunoni, nikachimbia visigino. Mamba hatafuni. Hushika, kisha hujizungusha mwili mzima mpaka nyama iachie. Alijizungusha, nikasikia mfupa ukivunjika. Alitaka kina, akagonga uzio, ukamrudisha kwetu. Akajizungusha tena, na safari hii mimi na wifi tukaanguka chali matopeni, mkono umebaki kinywani mwa mamba. Damu ilinijaa mdomoni, nayo haikuwa yangu.

Nilimkazia leso kwenye bega huku napiga mayowe. Kaka alikuja na wenzake, wakambeba wifi, wengine wakashika mikuki. Walimchoma mamba mle mle ndani ya uzio, nami nikafurahi kila alipochomwa. Sijutii. Walimpasua tumbo, wakautoa mkono, tukauzika.

Wifi aliporudi kutoka hospitali, maji ya mfereji bado hatukuwa nayo kijijini, ilikuwa ni mto ule ule. Nilimwambia apumzike, nitateka ya nyumba zote mbili. Alinifuata hadi mtoni, mtoto mgongoni, jiwe katika mkono wa kushoto.

"Teka, wifi," alisema. "Mimi naangalia maji. Nikikuambia toka, wachana na mtungi, toka."

Niliteka huku nalia, kwa sababu nilimwona anavyotetemeka, na hakurudi nyuma hata kidogo mpaka mtungi ukajaa.