Githeri ya Asiye na Meno

Nakumbuka asubuhi moja kwenye kituo cha kukusanya maziwa kule Tetu, mwanangu, wakulima wamepanga foleni na mikebe yao ya maziwa, na mizani kimya kwa sababu yangu. Mizani ile ilisomwa na kompyuta, na programu niliiandika mimi. Shule niliiacha mapema, wazazi walipotutoka, nikajifunza kazi hii katika ofisi moja ya Ruring'u. Wadogo zangu walikula kwa kazi hiyo.

Kompyuta ya ofisini ilikuwa mpya. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ilijua njia mbili za kufanya kazi, ya zamani na ya kisasa. Nilipoitafsiri programu iwe lugha ya mashine, nilichagua ya kisasa, maana ilikimbia. Ile ya Tetu ilijua ya zamani tu, nami sikuijaribu huko. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilifuta programu iliyokuwapo, nikaweka yangu, na skrini ikaganda.

Dereva wa lori la kubeba maziwa alichungulia. "Dada, saa yangu ikifika naenda. Maziwa haingoji mtu."

"Ati kompyuta imelala?" mtu akauliza huko nyuma. "Si mumpatie chai."

Walicheka. Mbele kabisa alikuwa Cucu Nyambura, bibi kizee asiye na jino hata moja.

"Cucu, ofisini ilifanya kazi," nikamwambia. "Hii mashine ni ya zamani."

"Hata mimi ni wa zamani. Kwenu nani anapika?"

"Ni mimi."

"Ukichemsha mahindi na maharagwe ya githeri mpaka mimi niweze kula, watoto wa kwenu pia watakula. Ukipikia meno yao, mimi nitalala njaa. Haya, pika tena."

Kwenye diski nilikuwa na programu kama nilivyoiandika, kabla ya kuitafsiri. Nikaitafsiri upya palepale, kwa njia ya zamani. Mashine ilijikokota, lori likinguruma nje. Hatimaye namba zikatokea. Mkebe wa Cucu ukapimwa, na mikebe ya baadhi ya waliomfuata, lakini lori lilipoondoka foleni ilikuwa bado ndefu. Waliobaki walibeba maziwa yao wakarudi nyumbani bila kunitukana, na hilo liliniuma zaidi.

Sikufukuzwa. Nilipelekwa Tetu kila asubuhi, niwasalimie walewale.

Mwanangu, kabla hujasema kazi yako imekwisha, ipeleke kwa mwenye mashine nzee kuliko zote, uijaribu mbele yake. Na usifute cha jana kabla cha leo hakijasimama. Mungu akupe mkono wenye subira, na sufuria yako itoshe kila mdomo, wenye meno na usio nayo.