Mikono ya Kapita

Wakati wa vita nilichambua kahawa katika depo moja pale Mususa, Butembo. Tulikuwa wanawake kama thelathini, tumeketi juu ya magunia, ungo mapajani, tukitoa punje nyeusi na vijiwe. Alasiri, kabla ya kutoka, kapita aliyetusimamia alitupekua mlangoni ili tusitoroshe kahawa nguoni. Wazee aliwapekua kwa macho. Sisi wengine alitupekua kwa mikono, na mikono ile haikuwa ikitafuta kahawa.

Tulicheka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Njiani kurudi nyumbani tuliulizana kapita leo amemchelewesha nani zaidi, tukacheka mpaka machozi. Aliyekasirika tulimwambia anajidai.

Akaja binti mmoja aliyekimbia kutoka Kalunguta baada ya wenye silaha kuingia kijijini kwao. Alikaa karibu nami. Siku ya kwanza, tulipokwisha kupita mlango, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Dada, ni vile kila siku?"

"Utazoea," nikamjibu.

Hakuzoea. Siku moja alisukuma mkono wa kapita. Kapita akasema huyu ameficha kitu, akamvuta ndani ya chumba cha mizani na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, hatua mbili tu. Nilimsikia akisema hapana, hapana. Nikaangalia miguu yangu.

Aliyekwenda mlangoni ni mama mmoja mjane, Mprotestanti, aliyefagia maganda uani. Aliangusha ufagio, akausukuma ule mlango kwa bega.

"Kapita, muachilie mutoto wa benyewe!"

"Mama, rudia ku kazi yako. Hii haikuangalie, si mambo yako."

"Inaniangalia. Toka!" Kisha akatugeukia sisi. "Na nyinyi, munangojea nini?"

Wawili wakasogea, halafu watano. Mimi labda nilikuwa wa tisa. Binti akatoka amekamata blauzi yake kwa mikono miwili, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu.

Patron, mwenye depo, akashuka kutoka bureau, ofisi yake ya juu. Kapita alimwambia mfagiaji ameleta fujo. Patron akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu:

"Wewe uliona nini?"

"Sikuona, patron. Niliangalia chini."

Haukuwa uongo, na hakuna uongo niliowahi kusema uliokuwa mbaya kuliko ule. Mama yule alifukuzwa palepale. Binti hakurudi, tulisikia amemfuata shangazi yake mjini Beni.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Kapita alipomnyooshea mkono mwanamke wa kwanza, yule akasema, "Baki na mikono yako." Wa pili akasimama ubavuni mwake. Safari hii mimi nilikuwa wa tatu. Tukapatana kwamba hakuna atakayepita mlango ule peke yake, wala kuingia chumba cha mizani bila mwenzake. Siku kadhaa kapita alituzuia mlangoni, tukatoka tumechelewa, lakini tulitoka pamoja, na hatukuguswa. Mwishowe patron akachoka. Akaamua wanawake wapekuliwe na mwanamke, na kapita ahamie kwenye mizani. Kufukuzwa, hakufukuzwa.

Mwanamke aliyechaguliwa kupekua ni mimi. Nadhani patron alikumbuka kwamba ninajua kuangalia chini. Nilikubali.

Miezi baadaye nilimkuta yule mama sokoni akiuza sombe, majani ya muhogo. Nilimsalimu, nikamwambia kwa furaha kwamba mambo ya depo yamebadilika, hakuna tena mikono ya mwanaume.

"Nilisikia," akasema, akiendelea kufunga mafungu yake. "Sasa ni nani anapekua?"

"Ni mimi, mama."

Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Na ule mutoto wa Kalunguta, ulimutafuta?"

Nikasema Beni ni mbali, njia ina askari. Wafanyabiashara walikuwa wanaipita kila juma, na yeye alijua hivyo kama mimi. Akamgeukia mteja.