Walisema Atapumzishwa Kesho

Nimewahi kujifungia bafuni na mbwa aliyevaa kofia ya sherehe, nikiapa kwamba atakayemgusa aanze na mimi.

Usicheke kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu cheka ukiweza.

Mimi nilikuwa mlinzi. Miaka kumi na tisa nilisimama kwenye geti la ghala moja, na miaka mitano ya mwisho nilikuwa na mwenzangu, mbwa jike anaitwa Shangazi. Jina tulimpa wenyewe, maana hakuna mgeni aliyepita pale bila kuhojiwa katoka wapi na anamfuata nani.

Mimi kazini waliniita Mjomba. Mjomba na Shangazi geti moja, watu walitutania mpaka wakachoka wenyewe.

Shangazi alipokaribia kutimiza miaka sita, meneja akaniita ofisini, meno yote nje.

"Mjomba, Jumamosi ni siku ya Shangazi. Tunampeleka ziwani, siku mbili, apumue. Na wewe uje, si unajua bila wewe hali chakula?"

Nilifurahi kama mtoto. Nikapiga pasi hadi soksi.

Tulikwenda watu wanne na mbwa mmoja: mimi, meneja, daktari wa mifugo anayemtibu Shangazi, na dada mmoja, mlinzi wa zamu ya mchana. Nyumba tuliyopanga ilikuwa safi, ina sebule kubwa, na bafu moja lenye kidirisha cha nondo.

Saa tisa alasiri tukakata keki. Dada akamvisha Shangazi kofia ya karatasi, tukaimba. Shangazi akala kipande chake, akala na changu.

Nikaenda jikoni kunawa. Dirisha la jikoni limetazama barazani, na pale barazani meneja alikuwa anaongea na daktari, karibu kabisa na dirisha.

"Kwa hiyo ni kesho?" daktari akauliza.

"Kesho asubuhi atapumzishwa. Leo muache ale keki, afurahi."

"Dah. Inauma, lakini."

"Nifanyeje? Masikio yamekwisha, unamwita mara tatu ndiyo anageuka. Goti bovu. Juzi gari limeingia getini, yeye amelala fofofo."

Maji yanatiririka mikononi, mimi nimeganda.

Ukifanya kazi na mbwa, neno kupumzishwa unalijua. Ni sindano. Na begi la daktari lilikuwa pale sebuleni, nimelibeba mwenyewe kutoka kwenye gari.

Ni kweli Shangazi alikuwa anachechemea tangu akanyage chupa. Na siku ile ya gari alilala, nisiseme uongo. Tulilala wote. Lakini ndiyo auawe? Tena siku moja baada ya kuimbiwa?

Sikufikiri mara mbili. Nikamshika ukanda, nikamvuta hadi bafuni, nikasukuma komeo kwa nguvu zangu zote.

Komeo likaingia. Kishikio chake kikakatika, kikabaki mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipojua nimejifunga kweli. Simu iko sebuleni inachaji. Dirishani hapapiti hata paka mnene. Na vile vipande viwili vya keki vikaanza kumfanyia kazi Shangazi tumboni. Jamani, hewa ya mle ndani sitaisahau.

Meneja akagonga.

"Mjomba, kuna nini?"

"Sema kwa sauti!"

"NASEMA KUNA NINI?"

"Nimewasikia! Hapumzishwi mtu hapa!"

Nikasikia miguu, wote watatu wamekuja mlangoni.

"Mjomba," meneja akasema, sasa kwa upole, "haya mambo tungeongea kesho, tumekaa vizuri."

"Kesho sindano, tutaongea saa ngapi? Huyu amelinda mali zenu miaka mitano! Amechoka kidogo tu, basi, hana thamani?"

"Mjomba, fungua."

"Halifunguki! Na hata lingefunguka sifungui!"

Wakaenda kumtafuta fundi. Saa nzima nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni, mbwa kaniwekea kichwa pajani na kofia yake imepinda. Nililia. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nililia kwenye bafu la watu.

Meneja aliporudi nikamuwahi. Nikapaza sauti waisikie wote.

"Kama ni lazima mmoja apumzishwe, nipumzisheni mimi! Shangazi abaki! Leteni karatasi, nasaini sasa hivi!"

 

Kisha karatasi ikapita chini ya mlango, na kalamu ikafuata inaviringika.

Nikaiokota. Ilikuwa imeshachapwa, na tarehe yake ni ya wiki iliyopita. Inasema kuanzia kesho ninapumzishwa kazini kwa sababu za umri na afya. Jina ni langu, herufi zote, bila kukosea hata moja.

Masikio ni yangu. Goti ni langu. Aliyelala fofofo ni mimi.

"Nikikataa?" nikauliza.

"Mjomba, tumekusikia watu watatu," meneja akajibu, na nadhani naye alikuwa anaona aibu.

Nikatafuta kwa kutokea. Ukuta, nondo, mlango. Nikaweka karatasi juu ya kifuniko cha choo, nikasaini.

Fundi alivunja komeo jioni jua likizama. Shangazi akatangulia kutoka, mkia juu.

"Shangazi, kaa," dada wa zamu ya mchana akasema taratibu.

Na Shangazi akakaa.

Hakuwahi kukaa kwa amri ya mtu mwingine. Yule dada akainamisha macho. Nikaelewa kwamba amemfundisha mbwa miezi, saa zile za mchana mimi niko nyumbani nimelala.

Sina kinyongo naye. Mbwa yuko hai, yuko kazini, na begi la daktari kumbe lilikuwa na chanjo yake ya mwaka.

Lakini ndugu yangu unayesoma hapa, wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Mimi nilimkumbatia mwenzangu nikimlilia, kumbe aliyelowekwa kichwa ni mimi. Siku ukisikia wakubwa wanasema "atapumzishwa", usikimbilie kumtetea mtu. Uliza kwanza, kwa sauti: nani?