Bomba Nililomtumia Baba Kule Kibua

Pale Karuba, saa ya kula tuliijua kwa mashini ya baba. Alikuwa akipasua mikaratusi kwenye vilima vya jirani, na jioni, kabla ya kuizima tronsonezi yake, ule msumeno wa mnyororo, aliivumisha mara mbili. Mvumo mmoja, pumzi kidogo, mvumo wa pili. Hapo mama aliacha alichokuwa akifanya, iwe kuchambua maharagi ama kumsema jirani, akabandika maji ya bugali. Maji yalipoanza kuchemka, baba alikuwa anapita kwenye ua wa ng'ombe chini ya nyumba yetu. Sikumbuki siku ambayo yeye na maji walipishana.

Wake wote wa wapasua mbao waliishi hivyo, sikio moja shambani na lingine mlimani. Mashini ikinyamaza mchana na isiwake tena, walisimama na majembe mikononi, bila kusemezana, mpaka ilipowaka. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanapumzika.

Kisha vita vikafika, tukakimbia, tukakaa kambini Lushebere muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na tuliporudi nyumba yetu ilikuwa na kuta tatu. Mbao za paa, milango, fremu za madirisha, vyote vilikuwa vimekwenda kwenye moto wa watu wengine. Baba hakulalamika. Alizunguka nyumba mara moja, akagusa pembe zilizobaki, akasema hatajenga tena kwa mkaratusi, mti unaojikunja ukikauka na kuufanya mlango ukatae kufungwa. Angeenda Walikale, Kibua, ambako mwenye msitu huwapa wapasuaji fungu lao la mbao badala ya malipo. Mbao za libuyu, nyekundu na nzito.

"Nitarudi mbele ya maharagi iingie mu udongo," alimwambia mama.

"Maharagi haitakungojea," mama akajibu.

"Njo maana nasema mbele."

Hakuwahi kukosa kupanda. Walipanda pamoja tangu walipooana, yeye akichimba, mama akidondosha mbegu, na walikuwa na ubishi wao wa kila mwaka kuhusu upana wa mistari. Baba alifunga mashini kwa gunia nyuma ya pikipiki, na kuanzia siku hiyo vilima vya Karuba vikawa na ukimya ambao mama hakuuzoea. Jioni nilimwona akitoka nje, akasimama, akarudi ndani.

Mimi nilirudi Goma, ambako nilikuwa nasoma chuo na kuandika hadithi kwenye madaftari ambayo sikumwonyesha mtu. Jumapili baba alipanda kilima cha Kibua kutafuta mtandao na kunipigia. Libuyu ni mgumu, alisema. Mvua kila siku. Kupasua ubao mmoja kwa urefu, mashini ikiwa imebanwa ndani ya mti tangu mwanzo hadi mwisho, kulichukua muda ambao kwa mkaratusi ungempa mbao tatu. Mama naye alinipigia kutoka Karuba, akiwa na swali moja tu.

"Papa yako anasema nini?"

"Anasema mbao inaenda polepole."

"Mvua imeanza huku," alisema, na kukata simu.

Kati ya simu hizo mbili nilijiona kama daraja ambalo hakuna anayelipita. Ndipo nikaona video. Mwanamume wa nchi ya mbali alifungua bomba la moshi la tronsonezi yake, lile kopo dogo linalomeza kelele, akaweka jingine lenye matundu makubwa. Alisema mashini sasa inapumua. Akakata gogo kwa bomba la zamani, akakata jingine kwa bomba jipya, na la pili lilianguka upesi. Alipochukua bisibisi na kuinamia mahali pengine pa mashini, vocha yangu ya intaneti ikaisha. Sikujali. Nilikuwa nimeshaona nilichotaka kuona: baba akirudi nyumbani wiki mbili mapema.

Muuza vipuri alikuwa kijana mwenye mikono myeusi ya oili na maneno mengi.

"Dada, weye unakataka miti?"

"Ni ya papa yangu."

"Ukimupa hii, miti itaanza kujikata yenyewe." Aliligonga bomba kwa kucha. "Iko na nguvu, iko na sauti. Hata kama papa yako iko ndani kabisa ya pori, mama yako atamusikia."

Alisema kwa mzaha tu. Lakini nadhani ni hilo lililonifanya ninunue.

Dereva wa pikipiki aliyekuwa akipanda Masisi na kuteremkia Walikale alilibeba ndani ya koti lake. Baada ya siku nyingi za matope, baba alinitumia ujumbe wa sauti. Kwanza mashini, ikinguruma kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, kisha yeye, akicheka.

"Mutoto wangu, sasa inakata kama iko nakata ndizi. Wenzangu banasema nimeleta ndege mu pori. Ila hainiachi nisikie mti. Mti unasemaka kidogo mbele ya kuanguka, unajua? Sasa siusikii. Lakini nguvu iko."

Chuo kilifunga kwa likizo ndefu wakati wa kupanda, nikaenda Karuba. Mama alikuwa ameshalima sehemu yote ya juu peke yake. Tulikaa mlangoni, mahali ambapo mlango ungekuwa, nikamwekea ule ujumbe. Aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mtu anayeeleza ugonjwa.

"Ile haiko mashini yetu," akasema.

"Ni ile ile, Mama. Nilimutumia bomba mupya."

"Bomba ya kufanya nini?"

"Amalize upesi. Arudi."

Akaniomba niurudie ile sehemu ya baba akicheka. Mashini hakutaka kuisikia tena.

Kesho yake baba alipiga simu. Mashini ilikuwa imekufa. Ilipoteza nguvu katikati ya ubao, ikalia kwa sauti nyembamba, ikakwama, na kamba ya kuwashia ikakataa kuvutika. Fundi wa pale Kibua aliifungua na kumwonyesha pistoni, iliyochubuka kana kwamba imeparuzwa na makucha. Kisha akauliza ni nani aliyefungua mapafu ya mashini bila kuongeza chakula chake.

Baba alinieleza polepole, bila kunilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. Bomba likipitisha moshi mwingi, injini huvuta hewa nyingi, na kabureta lazima ifunguliwe kidogo ili esansi, yaani petroli, iongezeke, maana esansi ile iliyochanganywa na oili ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Kuna skrubu ndogo ya kazi hiyo. Ile iliyokuwa inangoja bisibisi wakati vocha yangu ilipoisha. Wapasuaji wa kwetu nao wana tabia yao: esansi inafika msituni mgongoni mwa mtu, basi kila mmoja huibana skrubu hiyo ili galoni ifike mwisho wa wiki. Baba aliponiona nimeipa mashini nguvu zaidi, akaona ataweza kuibana zaidi. Mimi nilimfungulia hewa, yeye akapunguza chakula, na kati yetu wawili tukaichoma kwa upendo.

"Bomba haiko mubaya," alisema fundi, kwa jinsi baba alivyoniigizia. "Ukiifungulia esansi, utapata nguvu kidogo. Kwa kukata gogo, utasikia tofauti. Kwa kupasua mbao siku nzima, faida yote itaenda mu galoni. Mwenye kupasua hahitaji mbio, anahitaji munyororo mukali."

Mnyororo uliochongwa vizuri. Kitu ambacho baba alikuwa nacho tayari, na tupa yake ya kuunoa, na magoti yake ya kuibania mashini, na subira.

Pistoni nyingine ilibidi itoke mbali, na barabara ilikuwa imekatika. Nilimpa mama habari hiyo akiwa anaosha mbegu. Hakuacha kuosha.

"Basi weye njo utachimba," akasema.

Nilichimba. Aliniambia mistari yangu ni mipana mno. Nilianza kujitetea, nikaona hakuwa anaongea na mimi hasa, nikaendelea kuchimba mistari mipana, kama ya baba. Alidondosha mbegu nyuma yangu, akinung'unika mpaka mwisho wa shamba.

Maharagi yalikuwa yameshaota na kupanda vijiti ujumbe mwingine ulipofika. Hakukuwa na maneno. Mashini tu, yenye bomba lake la zamani, kikohozi chake cha zamani, halafu mvumo mmoja, pumzi kidogo, mvumo wa pili. Kimya.

Mama aliinuka na kubandika maji.

Nilitaka kumwambia. Kibua ni mbali, Mama, ile ni simu. Lakini alikuwa ameshainama kuchochea moto, nikaona anajua kabisa. Alisonga bugali, akatenga sehemu tatu, moja akaifunika kwa sahani. Asubuhi tukaila ikiwa baridi.

Baba alirudi maua ya maharagi yalipokuwa yameanza kupukutika. Mbao zilikuwa zinafuata kwa lori, pungufu ya alizokusudia; milango ingetosha, madirisha yangengoja. Hakutupigia simu. Alimsimamisha dereva wa pikipiki juu ya kilima, akafungua gunia, akawasha mashini pale barabarani.

Tulikuwa tunapalilia. Mvumo mmoja ulitufikia kutoka juu, kisha wa pili. Mama alisimama na jembe mkononi, kama walivyosimama wale wanawake nilipokuwa mdogo. Aliusikiliza ukimya uliofuata mpaka akaridhika nao.

"Amechelewa," akasema.

Kisha akaniwekea jembe lake begani na kushuka kwenda kubandika maji, haraka haraka, kwa sababu safari hii baba alikuwa anakuja kwa pikipiki, na yeye na maji wangeweza kupishana.