Simu iliibwa Kona ya Musa, posa ya mdogo wangu ikavunjikia Msambweni

Wakuu, salaam kwenu nyote. Humu mimi huwa msomaji tu, lakini leo acha niandike. Haya yamenikuta mwenyewe na sikuyapamba.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki mwishoni mwa miaka ya tisini, mmoja akimfuata mwenziwe. Nikaacha shule ya msingi nikawalea wadogo zangu, Omari na Mejumaa, hapa Bongwe. Nimevunja mawe, nimeuza madafu, na sasa nafua shuka katika hoteli moja Diani.

Baada ya matanga, ami yetu mmoja alikitia kufuli chumba cha mama akaondoka na ufunguo. Sisi tukalala jikoni. Siku ile niliapa kwamba nikiwa na nyumba yangu, ndugu hawatafungiana kitu.

Kiapo hicho nikakipeleka mpaka kwenye simu. Smartphone yangu haikuwa na password wala pattern. Omari akija huichukua tu, Mejumaa naye hujipiga picha humo. Mtu akishangaa, nilimjibu kwa fahari, "Kwetu hatufichani."

Mejumaa akapata mchumba, kijana mtulivu wa Msambweni aitwaye Salim. Kwa kuwa baba hayupo, mimi ndiye walii wake, kwa hiyo mazungumzo yote ya posa yalipitia kwangu. Namba ya mama yake Salim, Bi Zainabu, niliisevu "Mama Mkwe Msambweni".

Jumamosi moja nilikuwa Kona ya Musa, pale sokoni Ukunda, nachagua leso za kuwapelekea wakwe. Palikuwa na msongamano. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati. Nilipoinama kutazama jina la leso, nikainuka mfuko mtupu.

Nilizunguka soko lote nikiuliza, kisha nikaenda kazini na huzuni ya kioo kikubwa nilichokuwa nimekizoea. Mwenzangu wa kupiga pasi, mtu wa bara, akaniuliza, "Buda, ushablock line?"

"Line ya nini? Kilichokwenda ni simu."

"Wee! Simu si chuma tu. Huko ndani uko wewe mzima, na familia yako."

Nikamcheka. Nikamwambia mwizi wa Ukunda ana haja gani na familia ya mfua shuka. Atauza, atakula, basi. Line sikuifunga mpaka siku ya pili.

Kumbe jioni ileile mwizi alikuwa ameshaanza kazi. Alimwandikia Bi Zainabu kwa jina langu: mkwe, tuna shida, tupe sehemu ya mahari sasa hivi.

Wakuu wa Pwani mnajua aibu ya neno hilo. Mahari huzungumzwa na wazee wamekaa mkekani. Walii hayaombi kwa meseji kama mtu anayeomba salio.

Bi Zainabu akakataa. Mwizi akasisitiza, mama akamwambia aogope Mungu. Nadhani hapo ndipo mwizi alipokasirika. Akaingia group letu la ndugu watatu, akatafuta neno "mkwe", na hapo chini yake akazikuta voice notes zetu. Akazi-forward zote kwa Bi Zainabu.

Niwaeleze kilichokuwamo. Siku wakwe walipokuja kwetu, Bi Zainabu alionja biriani, akaomba chumvi, kisha akawa anawanyunyizia watu kwenye sahani zao, "Kidogo tu, baba, kidogo tu." Walipoondoka, Omari akamwigiza kwenye group, sauti ileile, mpaka kikohozi. Mejumaa akajibu huku kicheko kimemshinda, "Mimi nikienda kule naenda na gunia la chumvi, mahari nimtolee yeye!" Na mimi, mtu mzima, walii, nikarekodi yangu: "Mwekeeni na kwenye chai!"

Hatukumchukia, wallahi. Ilikuwa furaha ya watoto ambao kwa miaka mingi hawakuwa na wakwe wa kuwatania.

Salim ndiye aliyempigia Mejumaa kumwambia. Nikaingia nyumbani nikamkuta kaketi, simu mapajani. Akaniambia, "Kaka, wamesikia."

Tukaenda Msambweni, mimi na shangazi yetu. Nikatoa shikamoo, Bi Zainabu akaitika marahaba vizuri tu. Tukaletewa kahawa. Nikaanza kueleza habari ya mwizi, akanikatiza.

"Ile ya pesa nilijua si wewe. Wewe huandiki bila salamu."

Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Lakini kile kicheko, baba, si cha mwizi. Kicheko kile ni chenu."

Shangazi akajaribu, "Dada, utoto huo. Watoto hawakufunzwa, mama yao aliwaacha wadogo."

"Najua, na nimewasamehe. Ila mimi ndiye nitakayekaa na Mejumaa jikoni. Kila nikishika kijiko, nitajiuliza anawaambia nini nduguze."

Salim alikuwa akitazama chini. Posa ikaishia pale, kwa adabu, na kahawa tukaimaliza.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Password haimfichi ndugu yako, inamzuia mgeni asiingie akasema kwa mdomo wako. Weka ya simu, weka na PIN kwenye SIM card yenyewe, maana line ikihamishiwa simu nyingine, wewe ndiye unayeongea. App ya meseji nayo ina namba zake za siri, washa. Hakikisha unaikumbuka email yako na password yake, ili uweze kuifuta simu ukiwa mbali. Mimi yangu nilifunguliwa na muuza simu, sikuijua hata jina. Na ukiibiwa, kabla ya kuzunguka soko, azima simu ufunge line. Yale masaa niliyoyapoteza nikililia kioo ndiyo yaliyotosha.

Mejumaa hajanilaumu hata siku moja. Omari alijilaumu, mimi nikajilaumu, yeye akapika tukala. Ila siku hizi nikimtumia voice note, hata ya kumchekesha, hunijibu kwa maandishi: "Sawa kaka." Sauti yake haitumi tena kwa mtu yeyote.

Salim bado hajaoa, nimesikia. Sasa nauliza, hasa nyinyi akina mama humu wenye wana waliooa: kama ingekuwa ni wewe uliyechekwa, ungependa huyu binti aje mwenyewe kukuomba radhi, au nimtangulie mimi tena? Nisemeni mnavyotaka, nitasoma zote.